Jiwe la Kona

Nilishuka mwisho wa lami, ng'ambo ya Ruai,
umande ungali umeikalia nyasi kama deni.
Nilibeba chupa ya chai, viazi vitamu viwili katika gazeti la juzi,
na viatu ambavyo Syombua alisema havifai hata kwendea mazishini.

Udongo mweusi wa huku haukupokei, hukushika.
Mvua imeufanya ugali wa asiyejua kusonga:
kila hatua soli inanenepa,
kila hatua naondoka na kipande cha shamba la mtu
bila hati.

Nilipovuka mtaro wa mwisho mji ulinyamaza,
si mara moja, bali kama redio inayoishiwa na betri:
kwanza mashine ya kusaga kokoto, kisha mhubiri,
mwisho mbwa mmoja aliyenibwekea kwa wajibu tu.

Kisha upepo. Upepo huu hauna cha kugonga.
Huzilaza nyasi zikawa fedha, huziinua zikawa nyasi tena.
Migunga ya hapa hainifiki kifuani;
imevaa vinundu vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi,
na upepo ukipita kwenye vitundu hivyo hupiga mluzi,
mluzi wa mtu apitaye makaburini usiku
asiyetaka ajulikane kwamba anaogopa.
Niligusa tawi. Wakatoka wote, mikia juu,
wakanihoji mpaka kwenye kiwiko.

Kipozamataza alipanda akiimba,
akapanda, akapanda,
nikabaki na wimbo usio na ndege.

Saa nne nikaliona jiwe.
Nililijua kabla sijafuta matope:
chuma kilichozamishwa kwenye saruji,
namba zilizochorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi.
Msumari ulikuwa wangu.
Miaka ishirini na mitatu iliyopita nilivuta mnyororo hapa
nyuma ya Bwana Musembi, mpima ardhi,
yeye akichungulia darubini, mimi nikipigilia mambo.
"Kushoto kidogo," alisema,
nami nikaisogeza dunia kushoto kidogo.

Sasa juu ya jiwe kuna mavi ya bweha,
makavu, meupe, yenye manyoya ya panya,
yamewekwa katikati kabisa.
Nimeona mihuri mingi katika kazi ile.
Huu sikuutilia shaka.

Hatua mia hivi, karani-tamba alikuwa kazini,
suruali nyeusi mpaka magotini, kalamu nyuma ya sikio,
akikagua nyasi safu kwa safu. Akasimama.
Akapiga teke, teke, teke,
na nyoka akawa jambo lililokwisha kujadiliwa.
Sikumuuliza anapima kwa niaba ya nani.

Nilikula viazi juu ya kichuguu.
Swala tomi saba walilisha, mikia yao haijui kutulia.
Ndege ya abiria ilishuka juu yao ikikunjua magurudumu;
hakuna aliyeinua kichwa, ila mimi.
Upande wa magharibi maghorofa ya Nairobi yalisimama kwenye vumbi,
madogo, yakisubiri.

Mchana wote nilitafuta jiwe la kona ya pili. Sikulipata.
Nilipata ua mpya wa seng'enge
na kibao chenye rangi nyekundu: SHAMBA HILI HALIUZWI.
Juu yake ndege mweusi, mkia mrefu kumshinda mwenyewe,
alipeperushwa, akarudi, akapeperushwa tena, akarudi.

Mabwawa ya majitaka hutangulizwa na harufu.
Yote tuliyoyavutia maji tukafunga mlango, Lang'ata mpaka Kariobangi,
huja kutulia hapa, chini ya jua.
Na katikati yake, vichwa chini,
heroe. Mamia, waridi,
wakichuja.
Nilisimama na leso puani mpaka nikaisahau mkononi.

Giza lilinikuta mlangoni
nikiwa na ardhi ya watu kumi au kumi na mmoja kwenye viatu.
Syombua aliitazama.
"Hiyo," akasema, "iache nje."